CPU si lile kasha la chini ya meza

Juzi nilikuwa kwenye duka moja Kariakoo nikisubiri waya wa skrini. Akaingia kijana, akauliza: "Bosi, CPU ya GB 500 mnayo?" Muuzaji hakusita. "Ipo, i5, njoo uione." Akavuta kasha jeusi kutoka chini ya rafu, akalifuta vumbi, wakaanza kupatana bei. Nilinyamaza, maana biashara ya watu haiingiliwi. Ila swali hilo nimelisikia mara nyingi mno, na najua linavyowagharimu watu, kwa hiyo leo nimeamua kuliandikia.

CPU ni kipande bapa chenye upana wa kama sentimita nne, kinachokaa kwenye soketi ya mazabodi, yaani bodi kuu inayounganisha vipande vyote, chini ya feni. Kazi yake ni kusoma amri za programu na kuzitekeleza. Mafundi wengi hukiita prosesa, vitabuni utakikuta kwa jina la kichakataji. Lile kasha zima ni nyumba. Ndani yake mna mazabodi, prosesa, RAM (kumbukumbu ya muda), diski (ghala la mafaili) na pawa saplai (kigawa umeme), na kila kimoja kina kazi yake na bei yake. GB 500 aliyoitaja yule kijana ni nafasi ya diski. Prosesa haikutunzii picha wala barua, na kasi yake hupimwa kwa gigahezi.

Herufi zenyewe ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya kitengo kikuu cha uchakataji. Neno hili la kuchakata nalipenda, kwa sababu halikuzaliwa na kompyuta. Mkonge unachakatwa, korosho zinachakatwa: kitu kinaingia kikiwa kibichi, kinatoka kikiwa na matumizi. Prosesa inafanya hivyohivyo kwa namba. Anayelisikia neno kichakataji anapata picha kamili ya kazi hiyo, picha ambayo herufi tatu haziwezi kumpa.

Sasa, kwa nini kasha liitwe CPU? Kwa haki, kuna wakati jina hilo lilifaa kuitiwa sanduku. Miaka ya 1950 na 1960 kompyuta ilijaza chumba, na kitengo chake kikuu cha uchakataji kilikuwa kabati zima, refu kuliko mtu. Hata hapa Dar es Salaam, Wizara ya Fedha ilipofunga kompyuta yake mwaka 1965, mashine ilikuwa ya enzi hizo za makabati. Aliyekuonyesha kabati akakwambia hii ndiyo CPU alikuwa sahihi kabisa. Kisha mwaka 1971 kampuni ya Intel ikaanza kuuza 4004, iliyobana kazi zote za kitengo hicho kwenye kipande kimoja cha silikoni chenye transista, yaani swichi ndogo sana za umeme, zipatazo 2,300. Kabati likawa dogo kuliko ukucha. Sisi wakati huo tulikuwa na mambo mengine. Mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini. Mwaka 1981, IBM walipotoa kompyuta yao ndogo ya mezani, lile sanduku hawakuliita CPU. Waliliita kitengo cha mfumo. Kitu kilikuwa kimeshahamia ndani zaidi, lakini midomo ya watu ikabaki na jina la kabati.

Darasani ndiko tulikokabidhiwa kosa hili. Wengi wetu tulichorewa ubaoni mchoro wenye vishale vinne: monita, kibodi, kipanya, CPU. Tukaunakili, tukajibia mtihani, tukapewa vema. Na si sisi peke yetu, India nako wengi huliita sanduku hilo CPU.

Kuna atakayesema, kama muuzaji na mnunuzi wanaelewana, shida iko wapi? Shida inaanza siku kompyuta inapogoma. Shangazi yangu ana steshenari Mbagala, anachapa na kutoa kopi. Umeme ulikatika jioni moja, ukarudi kwa kishindo, na asubuhi kompyuta haikuwaka. Fundi aliyemwita alisema, "Mama, CPU imekufa." Shangazi akaelewa kasha lote limekufa, na vilivyomo vimekwenda nalo. Akatoa laki mbili na nusu kununua kasha jingine, na kazi za wateja akazihesabu zimepotea. Baadaye nilipolifungua lile la zamani, kilichoungua ni pawa saplai tu. Prosesa nzima. Diski nzima, kazi zote zimo. Prosesa ni miongoni mwa vipande ambavyo hufa kwa nadra sana kwenye kompyuta. Pawa saplai na diski hutangulia, na joto la feni iliyojaa vumbi huizimisha mashine kabla halijaiua prosesa. Kama neno lingekuwa sahihi, Shangazi angeuliza swali moja zaidi. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Hasara ya pili iko kwenye ununuzi wenyewe. Ukishaliita kasha CPU, huna tena jina la kuulizia prosesa, ndiyo maana "i5", jina la familia moja ya prosesa za Intel, inatosha kumridhisha mtu. I5 za kwanza zilitoka mwaka 2009, na mpaka kesho mbili zinaweza kukaa rafu moja zikiwa zimepishana miaka. Soma namba inayofuata: i5-3470 ni ya kizazi cha 3, i5-8500 ni ya kizazi cha 8. Tofauti hiyo si ya kasi tu. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 kwa kawaida inataka kizazi cha 8 kwenda mbele. Kompyuta nyingi za mtumba zimebaki upande wa nyuma wa mstari huo. Na usidhani utanunua ya zamani kisha ubadilishe prosesa: soketi ya kizazi cha 3 haiipokei ya kizazi cha 8, itabidi mazabodi ibadilike, na RAM pia. Kabla hujalipa, omba iwashwe, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, usome mstari wa prosesa kwa macho yako.

Kuhusu sanduku, Kiswahili kina neno tayari: kasha. Tulilipata kwa Wareno, kutoka caixa, kama tulivyolipata neno meza. Hata keisi ya Kiingereza, ambayo mafundi huitaja, ina asili moja nalo katika Kilatini. Mababu zetu wa pwani waliweka nguo na hati ndani ya kasha, na walijua kasha ni kimoja na kilichomo ni kingine.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Kariakoo, ukirudi tena dukani uliza hivi: "Bosi, kasha lenye diski ya GB 500 mnalo? Na prosesa yake ni namba ngapi?"