Je, wajua kwa nini kesi ya bata mmoja ilifika Mahakama ya Juu ya Kanada?

Mnamo Mei 1962, karibu na mji wa Yellowknife katika Maeneo ya Kaskazini-Magharibi ya Kanada, mwindaji wa Kidene (jamii ya wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Kanada) aitwaye Michael Sikyea alimpiga risasi bata mwitu jike kwa ajili ya kitoweo. Alishtakiwa kwa kuwinda nje ya msimu, akatiwa hatiani na kutozwa faini. Kosa lilikuwa dogo, lakini lilizikutanisha ahadi mbili za serikali ambazo hazikuweza kutimizwa kwa pamoja.

Ahadi ya kwanza ilitolewa kwa wenyeji. Serikali ilipotia saini nao Mkataba Namba 8 mwaka 1899 na Mkataba Namba 11 mwaka 1921, iliwahakikishia kwamba wangeendelea kuwinda na kuvua kama walivyozoea. Bila hakikisho hilo, wengi wasingekubali kutia saini. Ahadi ya pili ilitolewa kwa Marekani: mwaka 1916 Uingereza, kwa niaba ya Kanada, ilikubaliana nayo kuwalinda ndege wahamao, na mwaka uliofuata Bunge la Kanada likaligeuza kubaliano hilo kuwa sheria. Uwindaji wa bata ulipigwa marufuku kuanzia tarehe 10 Machi hadi tarehe 1 Septemba.

Tarehe hizo ndizo kiini cha mgogoro. Bata hufika kaskazini majira ya kuchipua, barafu inapoanza kuyeyuka, hutaga na kulea vifaranga huko, kisha baridi inaporudi huelekea kusini. Kwa mwindaji wa kusini, msimu unaofunguliwa Septemba humletea ndege tele, ilhali kwa Mdene wa Yellowknife hufunguliwa wakati ndege wanafunga safari. Sheria iliyotungwa kwa nia njema ya kuwaokoa ndege iliwanyima chakula watu walioishi nao miaka yote, na kwa maoni yangu huo ulikuwa uzembe usio na udhuru.

Sikyea alikata rufaa mbele ya Jaji Jack Sissons, jaji wa kwanza wa Mahakama ya maeneo hayo, aliyezoea kusafiri kwa ndege kwenda kusikiliza kesi katika vijiji vya mbali. Sissons alimwachia huru. Serikali haikuridhika, na mwaka 1964 Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo. Aliyeiandika hukumu mpya, Jaji Johnson, alikiri waziwazi kwamba serikali ilikuwa imevunja ahadi yake. Alieleza kwamba yaelekea mikataba ilisahauliwa tu, kana kwamba mkono wa kushoto haukukumbuka ulichofanya wa kulia. Hata hivyo alimtia Sikyea hatiani, kwa sababu wakati huo Bunge lilikuwa na uwezo wa kutunga sheria inayofuta haki za mkataba, na mahakama haikuwa na mamlaka ya kulizuia. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ilikubaliana naye.

Kinga ya kikatiba kwa haki hizo ilikuja mwaka 1982, kupitia kifungu cha 35 cha Katiba. Kubaliano lenyewe la ndege lilisubiri hadi mwaka 1995, Kanada na Marekani zilipotia saini marekebisho yanayotambua haki ya wenyeji wa asili kuwinda ndege hao na kuokota mayai yao mwaka mzima.