F ya GS au BAM: chuo unapata au hupati?

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka tu, sisi wa ofisi ya udahili hatupumui, na wanaokuja wamenyong'onyea zaidi sio waliopata ziro, ni wale wenye wani yao safi kabisa ila pembeni kuna F imekaa, ya GS (General Studies) au ya BAM (Basic Applied Mathematics, ile hesabu ndogo ya A-level). Kuna baba alikuja na binti yake, kashika karatasi ya kuprinti imekunjwa mara nne, kazungushia kalamu nyekundu: G/STUDIES - 'F' HISTORY - 'C' GEOGRAPHY - 'B' ECONOMICS - 'C' BAM - 'F'. Divisheni wani ya pointi 8 hiyo jamani! Ila mtaani wameambiwa ukiwa na F mbili chuo usahau, binti amelia wiki nzima.

Tuanze na GS maana ndo nyepesi. GS na BAM ni sabsidiari, yaani masomo ya pembeni, kwenye divisheni hayaingii, NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) wanahesabu yale masomo makuu matatu ya kombi tu, A ni 1, B 2, C 3 hadi F ambayo ni 7, kwa hiyo huko ndogo ndo nzuri. Sisi vyuoni tunafuata TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, na huku hesabu imegeuka, A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, S nusu. Hapa ndo wazazi wanapotea, mtu anakwambia mwanangu ana pointi 8 kumbe anasoma za NECTA. Sharti la jumla kwa waliomaliza 2016 na kuendelea ni prinsipo mbili, yaani masomo makuu mawili uliyofaulu kwa E kwenda juu, zikijumlishwa zisipungue pointi 4. Huyu binti B yake na C moja tu tayari 7, na F ya GS haijagusa kitu.

BAM sasa ndo ina mambo yake. Juu ya lile sharti la jumla kila kozi ina sharti lake, na kwenye kozi kama za uchumi, biashara au kompyuta ukifungua kitabu cha mwongozo cha TCU mara nyingi utakuta wameandika kwamba kama Advanced Mathematics haimo kwenye prinsipo zako, basi uwe umefaulu sabsidiari ya hesabu A-level, kama hiyo BAM, au uwe umefaulu hesabu form four kwa alama wanayoitaja wao. Hilo "au" watu wanaliruka sijui kwa nini, wanasoma nusu sentensi wanaanza kulia. Na alama yenyewe haifanani kila mahali, huyu anataka C, yule D inamtosha, so usichukue ya chuo cha rafiki yako ukadhani ndo ya kwako.

Binti alitaka uchumi. Nikauliza cheti cha form four kiko wapi, baba akanishangaa, "kipo nyumbani, cha nini tena mwalimu?" Mama akapigiwa, akatuma picha WhatsApp, imepigwa upande upande lakini inasomeka: hesabu C. Kwa kozi aliyoitaka ikatosha. Angekuwa na F huku na F kule, uchumi pale ungekuwa basi, ila ualimu wa historia na jiografia angeomba bila shida. Na mtoto wa PCB anayetaka udaktari asihangaike na F ya BAM, kule wanaangalia fizikia, kemia na baiolojia.

Ila kuificha ndo usijaribu. Tangu 2017 maombi yanaenda moja kwa moja chuoni, unaingiza namba zako za mtihani za form four na form six, na mfumo unavuta matokeo yote yalivyo, F zikiwemo.

Baba akaikunja tena karatasi yake, akauliza kontroli namba ya ada ya maombi anaipataje.