Nyuki wako rafu ngapi?

Watu wakijua kuwa mimi ni mkutubi, swali la kwanza huwa lilelile: unapenda vitabu vya aina gani? Nikitaja riwaya, tenzi, wasifu, historia ya hisabati na miongozo ya ufugaji, wananitazama kana kwamba nimekwepa swali. Wapo wanaonikumbusha kwamba mshika mawili moja humponyoka. Naona methali hiyo haikutungwa kwa ajili ya wasomaji. Nimesoma hivi tangu utotoni, na kazi ya kupanga vitabu imenipa sababu ambazo wakati ule sikuwa nazo.

Chukua nyuki. Maktaba nyingi duniani hutumia mfumo wa desimali ambao Mmarekani Melvil Dewey aliuchapisha mwaka 1876, wenye mafungu makuu 10, kuanzia 000 hadi 900. Mfumo huu hupanga vitabu kwa taaluma, si kwa kitu kinachozungumziwa. Kitabu kinachomweleza nyuki kama mdudu hukaa 595. Mwongozo wa kufuga nyuki hukaa 638, upande wa kilimo. Ngano yenye mhusika nyuki iko 398, ndani ya sayansi za jamii, kwa kuwa masimulizi ya jadi huhesabiwa kwanza kuwa mila na baadaye ndiyo fasihi. Mashairi yako 800 na kitu. Anayeshinda kwenye rafu moja hukutana na kipande tu cha nyuki. (Mfumo wenyewe una kasoro zake. Fungu la 200, la dini, Dewey aliligawia Ukristo karibu lote, dini nyingine zote zikabanana 290, na hadi leo wakutubi wanahangaika kulirekebisha.)

Ukizipitia rafu zote hizo, vitabu huanza kusemezana. Kule 595 utasoma kwamba nyuki wanaotoka kutafuta chakula wote ni majike, na kwamba arudiye mzingani hucheza ili kuwaonyesha wenzake maua yako upande gani na umbali gani. Kuifumbua ngoma hiyo kulimpatia mtafiti wa wanyama Karl von Frisch sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 1973. Sasa fungua maandishi ya kale. Aristotle na wengi waliomfuata walimwita mtawala wa mzinga, ambaye kwa kweli ni jike, mfalme, na kwa karne nyingi washairi wakamsifu mfalme wa nyuki kuwa mfano wa utawala bora. Asiyejua baiolojia atapita hapo bila kushtuka. Anayeijua lakini hajagusa historia atadhani mshairi kateleza. Aliyesoma pande zote mbili ataona jambo la kuvutia zaidi: watu waliitazama jamii inayoendeshwa na majike wakaona ndani yake ufalme waliouzoea wao.

Faida hii si ya wapenda fasihi peke yao. Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Donna Recht na Lauren Leslie, waliwapa wanafunzi 64 kifungu kinachosimulia sehemu ya mchezo wa besiboli, kisha wakawataka waonyeshe yaliyotokea kwa kusogeza vinyago kwenye kielelezo cha uwanja. Baadhi yao walikuwa wasomaji hodari, wengine dhaifu. Baadhi waliujua mchezo, wengine hawakuujua. Wasomaji dhaifu wanaoijua besiboli waliwashinda kwa mbali wasomaji hodari wasioijua. Kwa hiyo tunapomwita mtu msomaji mzuri, sehemu kubwa ya uzuri huo ni yale aliyoyajua kabla hajafungua ukurasa. Kila kitabu cha fani ngeni unachokimaliza kinakurahisishia vingine ambavyo hata hujavisikia. Ndiyo maana mtoto anayesoma vitabu vya dinosauri peke yake hanitii wasiwasi, mradi baada ya dinosauri aende kwenye miamba, na baada ya miamba kwenye bahari.

Kinachowashinda wengi ni mwendo. Wanasoma kila kitabu kwa kasi moja, kisha wanalilaumu somo. Macho hayatiririki juu ya mstari. Huruka, hutua kwa takriban robo ya sekunde, kisha huruka tena, na yakiwa hewani hayachukui karibu chochote. Kila yanapotua huona kwa uwazi herufi chache tu. Mwanasaikolojia Marc Brysbaert alikusanya tafiti 190 na mwaka 2019 akaripoti kwamba mtu mzima anayesoma Kiingereza kimyakimya hupita wastani wa maneno 238 kwa dakika katika vitabu visivyo vya kubuni, na 260 katika hadithi. Hesabu hiyo haihamishiki moja kwa moja kwenye Kiswahili, ambacho neno lake moja huweza kubeba sentensi nzima. Lakini inatosha kumweka pembeni anayekuuzia kozi ya kusoma maneno maelfu kwa dakika. Anachofundisha ni kuruka kurasa. Nako kuruka kuna mahali pake, ila usikuite kusoma.

Utenzi, kwa mfano, hausomwi kwa macho peke yake. Kwa kawaida ubeti wake una mishororo minne ya mizani 8. Mitatu ya mwanzo huwa na kina kimoja, na wa nne hubeba kina kinachorudi ubeti baada ya ubeti hadi mwisho wa utungo. Kina hicho kinamwahidi msikilizaji kwamba hoja inafungwa pale. Ukisoma kimya na haraka utapata kisa tu, na kisa mara nyingi ndicho kilicho chepesi kuliko vyote. Utamke, hata kwa kunong'ona, na mahali mtungaji alipolazimisha neno ili apate mizani pataonekana bila kutafutwa.

Kitabu cha historia naanzia nyuma. Napitia faharasa na tanbihi kabla ya sura ya kwanza, kwa sababu tanbihi zinaonyesha mwandishi alikaa na nyaraka gani, na faharasa inafichua nani ametajwa mara 40 na nani mara moja. Hisabati inataka penseli. Kurasa mbili kwa jioni ni kazi nzuri. Tawasifu naisoma nikijiuliza mwandishi alikuwa na ugomvi na nani alipoiandika. Riwaya naiachia inipeleke, na dibaji yake naiacha hadi mwisho, maana waandika dibaji hawana aibu ya kufichua hatima ya wahusika.

Na kuacha kitabu katikati kunaruhusiwa. S. R. Ranganathan, mwanahisabati wa India aliyegeuka mkutubi, alitoa mwaka 1931 kanuni tano za ukutubi. Mbili kati yake zinasema kila msomaji ana kitabu chake, na kila kitabu kina msomaji wake. Mimi huongeza kwamba msomaji huyo anaweza kuwa wewe mwenyewe miaka kumi ijayo. Nisichokubali ni kuburuta kitabu ili hesabu ya mwaka itimie. Hesabu hizo huwasukuma watu kwenye vitabu vyembamba, na aliyekaa msimu mzima na kitabu kimoja kigumu huonekana mvivu.

Wanaotaka kuanza kutoka nje ya rafu yao siwapi orodha ya vitabu bora. Nawauliza ni kitu gani katika kitabu cha mwisho kiliwabaki kichwani. Mpenzi wa riwaya za upelelezi akisema ni namna polisi walivyounganisha ushahidi, nampeleka 363.25. Akisema ni ile sumu, nampeleka 615.9, kwenye vitabu vya sumu na athari zake mwilini. Wa sumu mara nyingi hurudi wakitaka 540, kemia, somo waliloapa shuleni kwamba hawatalifungua tena.