Ribiti za ndege si skrubu

Kwenye uwanja wa ndege wa Kigoma, wengi wakiona vidoti vilivyojipanga bawani hudhani ni skrubu zinazoweza kujifungua angani. Sivyo. Ni ribiti, vipini vya aloi ya alumini ambavyo bisibisi haiviwezi. Fundi mmoja hugonga kichwa kwa nyundo ya upepo, mwenzake ameshikilia kipande kizito cha chuma upande wa pili. Mkia, yaani ncha ya upande huo wa pili, unabonyea na kutanuka hadi kama mara moja na nusu ya kipenyo chake, shina linajaza tundu lote. Nguvu iko hapo!

Meli ya Liemba nayo iliungwa kwa ribiti hapahapa Kigoma, ikashushwa ziwani 1915, ila za meli kwa kawaida hupigwa zikiwa za moto. Hizi za ndege hupigwa baridi.

Kwa nini wasichomelee? Joto hudhoofisha aloi nyingi za bawa. Ribiti ikilegea, fundi huona weusi kama moshi ukizunguka kichwa chake, akaitoboa kwa drili na kuweka nyingine.