Shirika la manaiti: kiapo kwanza, medali baadaye

Siku hizi tukisikia fulani katunukiwa nishani ya heshima, macho huenda kifuani, kwenye utepe na nyota. Katika Ulaya ya Zama za Kati ilikuwa kinyume. Shirika la manaiti lilikuwa watu kwanza: askari wa farasi wa tabaka la juu, waliofungamanishwa na kiapo, kanuni iliyoandikwa, mkuu mmoja na mikutano ya lazima. Alama waliyovaa ilikuwa ya kuwatambulisha tu.

Mashirika ya mwanzo yalikuwa ya kitawa. Wahospitali wa Mtakatifu Yohane waliuguza mahujaji Yerusalemu, na Papa alilitambua shirika lao mwaka 1113. Silaha walishika baadaye. Watemplari walianza karibu mwaka 1119 ili kuwalinda mahujaji njiani, wakapata kanuni yao kwenye mtaguso, yaani mkutano mkuu wa Kanisa, wa Troyes, Ufaransa, mwaka 1129. Waliapa ufukara, useja na utii kama watawa wengine, kisha wakapanda farasi kwenda vitani. Hapakuwa na kutunukiwa hapo. Aliyeingia aliacha mali yake nje. Shirika lenyewe likatajirika, na utajiri huo ukaliponza: Mfalme Philippe IV wa Ufaransa, aliyeelemewa na madeni, aliwakamata Watemplari Oktoba 1307, na Papa Klementi V akalivunja shirika mwaka 1312.

Karne ya 14 wafalme nao wakaanzisha ya kwao, bila useja wala ufukara. Edward III wa Uingereza alianzisha shirika la Garter karibu mwaka 1348: manaiti 24, pamoja na mfalme na mrithi wake. Kila mmoja ana kiti chake katika kanisa la Mtakatifu George, Windsor, na bendera yake hutundikwa juu ya kiti. Anayefukuzwa huteremshiwa bendera. Ndivyo alivyofanyiwa Hirohito wa Japani mwaka 1941, na ikarudishwa mwaka 1971.

Lakini ukitaka kuona shirika lilivyofanya kazi, tazama lile la Ngozi ya Dhahabu, lililoundwa Bruges mwaka 1430 na Philippe Mwema, mtawala wa Burgundy. Katika mikutano yao, naiti alitolewa nje ya chumba, wenzake wakaijadili tabia yake, kisha akaitwa kusikia makosa yake. Mtawala hakusazwa. Mwaka 1468 Charles, mwana wa Philippe, aliambiwa na manaiti wake mwenyewe kwamba huwasemesha watumishi kwa ukali, na akawasikiliza. Hapa ndipo ninapoiona heshima yenyewe: kukubali kukosolewa na wenzako mlioapa pamoja.

Napoleon alibadilisha mambo mwaka 1802. Légion d'honneur, nishani aliyoianzisha Ufaransa, haikuuliza ukoo wa mtu. Ilimtazama mwanajeshi au raia kwa alichoitendea nchi. Nishani nyingi za mataifa ya leo zimefuata njia hiyo, zikiwa na madaraja ya juu na ya chini. Kenya ina Moyo wa Dhahabu na Mkuki Uwakao, zenye vyeo kama Chifu, Mzee na Moran. Ni haki kumshukuru mtu hadharani, ila watunukiwa hao wanaweza kuishi wasikutane hata mara moja.

Undugu ule wa zamani umehuishwa na wapenzi wa historia wanaoigiza zama hizo. Society for Creative Anachronism, iliyoanzia Berkeley, California, mwaka 1966, ina wafalme wanaopatikana kwa mashindano ya kupigana kwa fimbo za henzerani. Wapiganaji hodari huingia katika shirika la manaiti. Mafundi wa sanaa na ufundi huingia la Laurel. Wanaotumikia wengine huingia la Mwari, ndege ambaye Wakristo wa zamani waliamini hulisha makinda kwa damu yake. Kabla ya kumwingiza mtu, mfalme na malkia hutaka ushauri wa waliomo. Naiti huvaa mkanda mweupe, mkufu wa dhahabu na vichokoo vya kumhimizia farasi viatuni, na huapa utii. Asiyetaka kuapa hupewa cheo cha Bwana wa Silaha, chenye hadhi ileile, na badala ya mkanda huvaa utepe mpana mweupe kutoka begani.