.243 sio kibali cha kupiga kulungu

Jamani, tena. Kijana wa Kenya anaishi huku kaskazini mwa Uingereza kapata leseni juzi, ananiandikia "bro si .243 ni halali kwa kulungu wote, nishanunua boksi mbili." Anamaanisha risasi ya bunduki yenye upana wa inchi .243. Simlaumu sana, kwetu uwindaji ulipigwa marufuku 1977 hatujakua na haya mambo. Ila hata wazungu waliozaliwa na bunduki ukutani wananiambia hivyohivyo kila wiki pale kaunta, na nimechoka.

Sheria haitaji .243 popote. Deer Act ya 1991, England na Wales, inataka kaliba (upana wa mtutu kwa ndani) isiyopungua inchi .240, nguvu ya risasi inapotoka mdomoni mwa mtutu isiyopungua futi-paundi 1,700, na kichwa, yaani kile kipande kinachoruka, cha ncha laini au chenye tundu kwenye ncha. Risasi za jeshi zilizofunikwa ncha yote hapana, usiniulize tena. Ukivuka kwenda Uskoti kaliba hawana habari nayo, wanataka kichwa chenye uzito wa greini 80 kwenda juu (ilikuwa 100, wakashusha 2023 ili vichwa vya shaba vipate nafasi), kasi futi 2,450 kwa sekunde na nguvu 1,750. Roe, yule kulungu mdogo, kapunguziwa, greini 50 na nguvu 1,000, kasi ileile. Ndo maana .223 Uskoti unapiga roe bila shida, ila mpige roe upande wa England umevunja sheria, huku .223 ni ya kulungu wadogo wawili tu, muntjac na yule kulungu wa majini wa Kichina, basi. Hata .22-250 na kelele zake zote haikusaidii, nayo kaliba yake iko chini ya .240.

Sasa kinachonikera ni ile namba ya nguvu kwenye boksi, watu wanaisoma kama Msahafu. Kiwanda kimepima kwa mtutu wake wa majaribio, mara nyingi inchi 24, na wewe umenunua kabunduki ka inchi 18 kwa sababu unataka kufunga saulensa (kizuia sauti) na bado upite vichakani. Kila inchi iliyopungua inakula kasi, mara futi 20, mara 30, inategemea baruti na mtutu wenyewe. Chukua .243 ya greini 100, boksi linasema kasi 2,960, hiyo ni nguvu kama 1,945 na unajiona tajiri. Mtutu wako ukitoa 2,800 unabaki na 1,741, England umepita, Uskoti umekosa kwa futi-paundi tisa. Ikishuka 2,700 ni 1,619, hata England huna chako, na jina kwenye boksi ni lilelile! Hesabu yenyewe sio ngumu: greini mara kasi mara kasi, gawanya kwa 450,240. Azima kronografu (kipima kasi ya risasi), piga tano, andika wastani. Najua polisi hawazunguki msituni na kronografu, lakini leseni ni yako.

Na usidhani kubwa ndo salama. Risasi nene ya .45-70 inang'oa bega, greini 300, nguvu inapita 1,750 mbali sana, England halali kabisa. Uskoti kwa risasi za kawaida za dukani haipiti, kasi yake haikaribii 2,450. Mnyama angekufa vizuri tu, sheria haimuulizi mnyama.

Kuna mambo mawili hata mimi yananisumbua. Hiyo .240 inapimwa wapi? Ndani ya mtutu kuna mistari iliyoinuka na mifereji katikati yake, ya kuzungusha risasi: mtutu wa .243 juu ya mistari ni .237, ndani ya mifereji ndo .243. Ukipima kwa kwanza .243 yenyewe inaanguka. Hakuna anayeisoma hivyo na kila mtu anapiga nayo, ila jedwali la sheria linasema kaliba tu, likanyamaza. Pili ni vile vichwa vya shaba vyenye ncha ya plastiki: ncha sio laini kwa maana ya zamani, na tundu limezibwa. Sisi tunasema tundu liko chini ya plastiki kwa hiyo ni halali, mimi nauza na natumia, lakini mbele ya hakimu mbishi ningependa kuwa na hoja nzuri kuliko hiyo.