Machi 21: njoo na mtoto, njoo na kadi yake ya kliniki

Kila mwaka tukijiandaa kwa matembezi ya kuelimisha jamii kuhusu sindromu ya Down, naulizwa yale yale. Mengine nayajibu kwa kifupi. Suala la moyo nitalirudia hadi mnichoke.

Kwa nini tarehe hiyo, na mbona siku hiyo mnavaa soksi zisizofanana?
Tarehe 21, mwezi wa 3: watoto wenye sindromu ya Down wana nakala 3 za kromosomu (kibeba urithi ndani ya seli) namba 21 badala ya 2. Umoja wa Mataifa unaiadhimisha siku hii tangu 2012. Soksi ni za kuchokoza watu waulize.

Mama alikosea nini?
Hakuna. Hakulogwa, hakuvunja mwiko, hakula kitu kibaya. Wala huu si mtindio wa ubongo, ule ni mwingine. Umri mkubwa wa mama huongeza uwezekano, lakini wasichana wa miaka 20 nao tunawapokea. Na akina baba mnaohama nyumba mkishaambiwa, sijui mnamkimbia nani. Damu ni yenu.

Mwanangu ananyonya, anacheka. Apimwe moyo wa nini?
Kwa sababu karibu nusu yao huzaliwa na hitilafu ya moyo, mara nyingi tundu. Wiki za mwanzo anaweza asionyeshe dalili yoyote, na hata daktari akimsikiliza kifuani asisikie kitu. Ndiyo maana kila mmoja anahitaji eko, picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Haiumi.

Tusubiri kwanza aongeze kilo?
Hapana. Tundu kubwa husukuma damu nyingi mapafuni kwa nguvu, na mishipa ya huko hukakamaa. Ikishakakamaa, upasuaji uliokuwa umsaidie unaweza kumuua. Matundu makubwa mara nyingi hutakiwa kuzibwa kabla ya miezi 6 au karibu na hapo. Sisi tunaletewa mtoto wa miaka 3, midomo imegeuka bluu, mama anasema, "Tulikuwa tunangoja apate nguvu." Nguvu zitoke wapi, mama, na moyo ndio unaozimaliza? Msisubiri.

Bibi yake anasema kikohozi hiki ni kimeo.
Shikamoo bibi, lakini hapana. Kimeo hakikatwi! Mtoto anayetoka jasho kichwani akinyonya, anayeachia ziwa kila mara avute pumzi, anayelazwa kwa nimonia leo na mwezi ujao tena, huyo si wa wembe wala wa kuchuliwa kifua. Ni wa kupimwa moyo. Omba rufaa hospitali ya wilaya. Upasuaji wa moyo kwa watoto unafanyika hapa hapa nchini, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Na shule?
Aende. Masikio, macho na homoni ya tezi la shingo vipimwe mapema, maana asiyesikia vizuri huitwa mzito bure.

Siku ya matembezi nije na nini?
Maji, kofia, na mtoto mwenyewe. Kila mwaka wapo wanaokuja na fulana mpya huku mtoto kafungiwa ndani na dada wa kazi. Kadi ya kliniki msiisahau. Nitakaa kwenye meza pale tunapomalizia, na nikiifungua nitatafuta neno moja tu: eko. Nisipoliona, rufaa tunaianza hapo hapo.